Msimu wangu wa bowa, na faini nne za kikao

Wamama wenzangu,

Mweka hazina wetu ameandika jina langu mara nne katika daftari ya faini, na ana haki. Tangu mvua zianze nimekosa vikao vinne vya siku ya posho, mimi ambaye mwaka jana nilikuwa wa kwanza kusema kwamba anayekosa kikao alipe bila kelele. Nimelipa. Lakini mwenyekiti aliniambia: "Franka zako tumezipokea. Sasa utuandikie katika karatasi yetu ya wiki ulikuwa unaenda wapi, maana watu wanasema mengi." Basi ninaandika.

Nilikuwa porini. Nilikuwa ninawinda.

Najua mtacheka, mimi ambaye bunduki sijawahi kushika. Kwetu kuwinda lilikuwa neno la wanaume. Nkambo wetu wa kiume alikuwa anatoka na mbwa wake wawili mbele ya jua, na siku njema alirudi na mpombo mabegani, ile swala ndogo ya porini yenye pembe fupi zilizonyooka. Mama anasema kijana aliyeua mpombo wake wa kwanza alikuwa anaisimulia siku hiyo mpaka anazeeka. Leo sheria ya uwindaji, ile ya mwaka 1982, inataka mtu awe na kibali. Na hata mwenye kibali akizunguka karibu na mji wetu atachoka bure, kwa kuwa mpombo walishamalizika. Nyama ya porini tunayoiona sokoni inatoka mbali.

Lakini wamama wa kwetu walikuwa na mawindo yao ambayo hakuna aliyeyaita mawindo. Msimu wake unakuja na mvua. Unaamka usiku, unafuata alama, na mara nyingi unarudi na kikapu kitupu. Tena mpombo akishakufa hawezi kukudhuru, lakini hiki unachokileta nyumbani kinaweza kuua watoto wakiwa wameshashiba. Ninasema juu ya bowa, uyoga wa porini.

Mnaijua kazi yangu. Ninashona. Na msimu wa bowa unagongana na msimu wa cherehani. Mvua zinapopata nguvu mwezi wa Desemba, ndipo Lubumbashi nzima inakumbuka kwamba Noeli imefika na bonane iko nyuma yake. Vikwembe vinalundikana mpaka kwenye kiti cha wageni. Mtu analeta kitambaa siku ya nne, siku ya tano anauliza kama libaya yake iko tayari. Baba wa watoto yuko kazini Kolwezi, tunamwona kila baada ya wiki tatu. Watoto ni wanne. Mama yangu, ambaye amepita miaka 70, tunaishi naye. Na umeme ukikatika, mnajua unavyokatika, ninashona kwa mguu na taa ya simu. Mtu mwenye maisha kama hayo hana siku ya kwenda kutembea porini. Kwa hiyo ni lazima niwaeleze kwa nini nilienda.

Ilikuwa mwisho wa mwaka 1993. Wenye umri wangu mnakumbuka. Noti mpya za zaire zilitoka mwezi wa Oktoba, na bei ziliendelea kupanda kila asubuhi kana kwamba hakuna kilichobadilika. Mishahara haikuja, na ikija haikufikisha siku tatu. Mama alikuwa anatupeleka porini, mimi na yaya yangu na mdogo wetu wa mwisho, kutafuta cha kula pamoja na bukari. Bowa alizijua. Alifundishwa na mama yake, naye alifundishwa na mama yake. Tulikuwa tunakimbia huku na huku chini ya miti, kila mtoto akileta alichookota na kukitia katika kikapu kimoja.

Siku hiyo tulikula jioni, tukalala vizuri. Kesho yake asubuhi sote tulianza kutapika na kuharisha. Majirani walisema ni kipindupindu. Siku ya tatu tulipata nafuu, hata mdogo wetu. Alicheza uani, aliomba chai. Mama alimshukuru Mungu kwa sauti, ninamsikia mpaka leo. Halafu macho yake yakawa ya manjano, akaanza kulala tu. Siku ya sita alifariki. Alikuwa na miaka 4. Mimi nilikuwa na miaka 9.

Hatukujua kamwe ni mkono wa nani uliotia uyoga ule katika kikapu. Unaweza kuwa wa mama, unaweza kuwa wa yaya, unaweza kuwa wangu. Nimezaa watoto wanne na bado ninauangalia mkono huu wa kuume na kujiuliza.

Tangu siku ile bowa haikuingia tena nyumbani kwetu. Tukiwa katika taksi-bisi barabara ya Kasenga, wauzaji wakiinua zile kubwa kama miavuli mbele ya dirisha, mama alikuwa anageuza uso upande wa pili. Hakuna aliyemwuliza. Sisi watoto tulikua hivyo, tukijua bei ya kila kitu sokoni Kenya na bila kujua jina la uyoga hata mmoja.

Mwezi wa Oktoba uliopita mama mkubwa, dada wa mama, alikuja mjini kutazamwa macho. Anaishi katika kijiji kimoja huko barabara ya Kasenga, mwendo wa saa moja na nusu kama njia si mbaya. Daktari alisema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Alikaa kwetu wiki moja. Usiku mmoja nilikuwa ninakata vitambaa, binti yangu mkubwa anashikilia taa, na mama mkubwa akaanza kuhesabu kwa vidole: hii inaota baada ya mvua ya kwanza, hii inafuata mti wa mutondo, hii inapenda muputu, hii usiiguze. Alihesabu mpaka vidole vya mikono vikaisha, akaanza tena. Kisha akasema polepole, kana kwamba anasema juu ya sabuni iliyomalizika: "Macho yangu yakiisha, njo imekwisha. Watoto wangu banaume habajue kitu."

Mama alikuwa chumbani. Mlango ulikuwa wazi.

Asubuhi nilimwambia kwamba nitaenda kwa mama mkubwa siku za posho, msimu huu mmoja, nijifunze kabla macho hayajaisha. Alinyamaza muda mrefu, akiendelea kuchambua lengalenga. Mwisho akasema: "Enda. Lakini mu nyumba yangu, hapana." Nyumba ni yangu, ninailipia mimi na mume wangu, lakini nilijibu "ndiyo mama", na ninyi pia mngejibu hivyo.

Basi siku za posho zikaanza. Kuamka saa tisa za usiku. Kumwachia binti mkubwa funguo, chai ya wadogo, na orodha ya wateja watakaokuja kugombana. Taksi-bisi ya kwanza kutoka mjini, halafu pikipiki, halafu mguu. Mara ya kwanza sikupata kitu isipokuwa mafua. Mvua ilinyesha mpaka mchana, na mama mkubwa alisema bowa hazitafutwi ndani ya mvua, zinatafutwa nyuma ya mvua, siku mbili au tatu, jua likitoka kidogo. Nilikuwa nimekosa kikao na nguo tatu kwa ajili ya kukaa jikoni kwake kumenya mihogo. Lakini kabla sijarudi alinipa sheria yake: "Mwaka huu utajua bumoja tu. Bumoja! Mwaka ujao, ingine."

Nilikasirika kidogo. Mimi ni mtu wa haraka, kazi yangu imenizoesha hivyo. Nilitaka nijue kumi katika msimu mmoja, niandike katika kijidaftari, nichore. Alichukua kijidaftari akakiweka chini ya sufuria.

Alinichagulia ile ya kichuguu, kyulu, kama tunavyosema. Alisema tente ni tamu kuliko zote, lakini tente imetoka katika ukoo wenye wauaji, na zote zina ule mfuko chini ya mguu. Hakutaka niiguze, hata akiwa karibu. Kitondo ile ya njano alisema nitaijua mwaka wa pili. Na kila tulipopita penye uyoga mweupe mzuri alikuwa ananishika mkono, kama unavyomshika mtoto barabarani.

Hapa niseme jambo juu ya pori lenyewe. Mara ya pili tulienda mahali alipokuwa akichuma tangu ujana wake. Tulitembea saa moja. Tulipofika hakukuwa na mahali. Kulikuwa na visiki, na alama nyeusi za matanuru ya makala. Mama mkubwa alisimama akageuza kichwa huku na huku, nikafikiri ni macho yake. Akauliza: "Ule mutondo mukubwa uko wapi?" Mimi ndiye niliyepaswa kumwambia kwamba haupo.

Mteja wangu mmoja, kijana anayesoma mambo ya kilimo hapa Université de Lubumbashi, alinieleza baadaye wakati nikimpima suruali. Bowa nyingi za pori letu zinaishi pamoja na mizizi ya miti kama mutondo na muputu. Uyoga unausaidia mti kuvuta maji na chumvi za udongo, mti unaulisha uyoga sukari. Ukikata mti, umeua na bowa zake, na hakuna anayejua kuzipanda shambani. Alinionyesha katika simu yake kitabu cha Kifaransa juu ya uyoga unaoliwa wa Haut-Katanga, kilichotolewa mwaka 2017 na De Kesel, Kasongo na Degreef. Kasongo ni wa hapa kwetu, wa chuo kikuu hicho hicho. Nilitazama picha mpaka mteja mwingine akakohoa.

Na ninyi msinitazame vibaya, na mimi ninapika kwa makala. Gunia liko uani sasa hivi. Umeme ungekuwepo kila siku ningesema maneno mengine.

Mara ya tatu mtoto wangu wa pili, mvulana wa miaka 9, alinifuata. Alilia mpaka nikakubali. Mama hakusema neno, alimfunga tu koti vifungo vyote mpaka shingoni. Siku hiyo bowa zilikuwepo. Mama mkubwa alichuma tente na vitondo, mimi nikapata zile ndogo za kichuguu zinazoota kwa kundi, na kufika saa nne kikapu kilikuwa kimejaa mpaka juu. Nilikuwa nimeshahesabu moyoni: hizi tutakula hapa, hizi mama mkubwa atauza, nitapata pesa ya njia.

Mvulana alikuja akikimbia, amenyoosha mikono. "Mama, ona, niliweka na yangu!"

Mama mkubwa aliuliza kwa utulivu ameweka ngapi. Mbili, alisema. Labda tatu. Zilikuwa namna gani? Nyeupe. Wapi ndani ya kikapu? Katikati, alikuwa amezisukuma ili zisianguke.

Nilianza kuchambua kwa haraka, nikitoa moja moja na kusema hii ninaijua, hii ninaijua. Mama mkubwa alichukua kikapu mikononi mwangu, akaenda kwenye shimo la mti ulioanguka, akamwaga chote. Chote, wamama. Kazi ya watu watatu tangu alfajiri. Akakisugua kikapu kwa majani na mchanga, akatuonyesha kijito tunawe mikono. Hakumgombeza mtoto. Alichuchumaa mbele yake akamwambia: "Mukono wako hauko mubaya. Lakini mukono hauweke kitu mu kikapu kama mulomo haujauliza." Kisha alinitazama mimi, na nilielewa kwamba alikuwa anajua. Miaka yote hii alikuwa anajua ninachojiuliza, na labda mama naye anajiuliza hivyo hivyo juu ya mkono wake. Nililia nikiwa kijitoni. Mvulana alifikiri ninalilia bowa, akaniahidi atanitafutia nyingine.

Niwaambie na jambo lingine, kwa kuwa katika atelye yangu ninasikia mashauri ya kila namna. Mmoja anasema ukichemsha na kitunguu na kitunguu kisipobadilika rangi, bowa ni nzuri. Mwingine anasema tia kijiko cha fedha. Mwingine anasema kama wadudu wamekula, na mtu anaweza kula. Yote ni uongo, na uongo huu umezika watu. Konokono anaweza kula kinachomuua mtoto wako. Sumu ya zile mbaya zaidi haimalizwi na moto wala na kukausha juani. Na inachelewa, ndiyo hila yake. Mtu akitapika saa moja au mbili baada ya kula, ni vibaya, lakini ile inayoua mara nyingi inangoja saa 6, saa 12, hata siku nzima. Halafu inamwachia mgonjwa, anapata nafuu, mnashukuru Mungu kama mama alivyoshukuru, na wakati huo inakula maini. Kwa hiyo akianza kuumwa baada ya bowa msingoje nafuu. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, na muende na kipande cha uyoga, hata mabaki ya sufuria, na wote waliokula pamoja naye waende. Tungejua hivyo mwaka 1993! Ninaandika hivyo halafu ninakumbuka kwamba mwaka huo hatukuwa na pesa hata ya taksi.

Na wale wanaochuma upande ule wa mji ambako upepo ulikuwa unapeleka moshi wa bomba refu tunalolijua sote, waache. Uyoga unanyonya madini ya udongo kuliko mboga nyingi.

Mara ya nne ilikuwa siku ya posho mbele ya Noeli. Niseme kweli, nilikuwa nimeamua kutokwenda. Nguo 11 zilikuwa hazijamalizika. Nilishona mpaka saa nane za usiku, nikalala na viatu, na saa tisa mvulana akanigusa bega. Alikuwa ameshavaa.

Mama mkubwa siku hiyo macho yalimsumbua, alikuwa anashika bega la mtoto akitembea. Pori lilikuwa na ukungu. Tulizunguka vichuguu vitano, sita, bila kitu. Mnajua vichuguu vya kwetu, vingine ni virefu kuliko nyumba na miti imeota juu yake. Ndani yake mchwa wana shamba lao. Wanatafuna kuni na majani makavu, wanatengeneza kitanda, na juu yake wanalima uyoga wao wa kula. Ni wakulima wa zamani kuliko sisi. Mvua zikija, uyoga ule unatuma mguu wake mrefu juu mpaka unatoboa udongo. Watu wa sayansi wameshindwa kuulima kama mchwa wanavyoulima.

Nilikuwa nimebaki nyuma kwa sababu nilisimama kuongea na mteja katika simu. Mtandao ulikatika, nikainua macho. Chini ya kichuguu, upande wa kivuli, niliona kitu nilichofikiri ni beseni la mtu lililofunikwa. Rangi ya kahawia, katikati imeinuka kidogo. Nikasogea. Halikuwa beseni.

Sikuugusa. Nilipiga kelele kuita, kisha nikaona aibu, nikanyamaza, nikasubiri. Mama mkubwa alifika akapiga magoti. Hakutegemea macho. Alipitisha vidole chini ya kofia, akashika mguu, akaona mahali pa pete, akafukua udongo kidogo kwa kufuata mguu unavyozama, akanusa vidole vyake. Kisha akakaa chini, akaweka mikono mapajani.

"Sema weye," akaniambia.

Nikapiga magoti. Nilifanya yote aliyofanya, moja baada ya lingine, kwa sauti, na mvulana akinitazama mdomoni. Niliposema jina alilonifundisha, na kwa nini ni yeye na si mwingine, alitikisa kichwa kwamba ndiyo. Akanipa kisu.

Mita yangu ya kushonea ilikuwa shingoni, ninaisahau huko hata kanisani. Nikapima. Kutoka ukingo mpaka ukingo sentimita 58. Kijana wa chuo aliniambia baadaye kwamba wataalamu waliuandika ule mkubwa kwa jina la Termitomyces titanicus mwaka 1980, kutokana na uyoga wa Zambia jirani zetu, na kwamba kofia inaweza kufika mita moja. Wangu basi ulikuwa bado kijana. Lakini mtoto wangu aliubeba kichwani mita kumi na hakuonekana uso.

Mama mkubwa alikata kipande chake, akakataa zaidi. "Ingine peleka kwenu."

Nilimwambia kwamba mama alikataza.

"Ninajua alichokataza," akasema. "Peleka. Mwambie mimi niliuguza na vidole yangu."

Niliufunga katika kikwembe cha mteja, Mungu anisamehe, kilikuwa ndicho kitambaa pekee nilichokuwa nacho. (Nimekifua. Hajui. Sasa labda anajua.) Katika taksi-bisi watu wote waliomba kuona, dereva alitaka kununua, mama mmoja alinihesabia noti mbele ya macho. Nilikataa. Sijawahi kukataa pesa mwezi wa Desemba.

Mama alikuwa uani, kwenye kiti chake. Mvulana alifungua kikwembe kabla sijasema kitu. Nilieleza haraka haraka, ni ya kyulu, mama mkubwa ameigusa, mimi nimeigusa, hakuna nyingine ndani yake, hatukuweka katika kikapu na kitu kingine. Mama alitazama. Sikuona hasira. Alinyoosha mkono, akapitisha kidole kimoja kwenye ukingo, taratibu, akaurudisha mkono kwenye mapaja. Akaingia ndani.

Nilipika. Niliuchana kwa mikono kama nilivyoonyeshwa, nikaosha, nikachemsha na chumvi, halafu kitunguu, nyanya, na karanga za kutwanga mwishoni mpaka mchuzi ukawa mzito. Binti mkubwa alisonga bukari. Ninawaambia, nyama ya kuku haifiki pale. Watoto walikula bila kusema. Mimi nilikula wa kwanza kabla yao, na nilingoja kidogo, ingawa nilijua vizuri kwamba kungoja kidogo hakusaidii kitu. Mama hakutoka chumbani. Nilimpelekea sombe ya jana.

Usiku nilirudi kwenye mashini, nguo zilikuwa zinaningoja. Karibu saa sita nilisikia mlango. Mama alitoka na kiti chake, akakiweka katika chumba cha watoto, kati ya vitanda viwili. Akakaa. Sikumwuliza. Nilishona, yeye alikaa. Mara kwa mara nilisikia akiinuka, akiinama juu ya mmoja, kisha juu ya mwingine, akiweka mkono wa nyuma kwenye paji la uso. Saa nane. Saa kumi. Alikuwa anahesabu saa, ninaamini, na mimi nilikuwa ninazihesabu pamoja naye upande wa pili wa ukuta, mguu wangu ukiendelea kukanyaga mashini, ingawa tangu saa tisa uzi ulikuwa umekatika na sikuwa ninashona kitu.

Kulipambazuka. Jogoo wa jirani, halafu taksi-bisi za kwanza, halafu mdogo wa mwisho akaamka akilia njaa. Mama alimvalisha, akamwosha uso, akamtazama macho karibu na dirisha, weupe wa macho, upande huu na upande huu. Akamwachilia. Akawaamsha na wengine watatu, mmoja mmoja, akawatazama vilevile. Wakaenda kucheza.

Saa nne hivi nilikuwa mlangoni na mteja wa kwanza. Nikasikia kifuniko cha sufuria jikoni. Nikageuka. Mama alikuwa amesimama karibu na jiko, ananipa mgongo, na bukari baridi ya jana mkononi. Alikuwa anapangusa sufuria.

"Chumvi umeweka kidogo," akasema.

Siku ya posho ijayo sitakuwa kwenye kikao. Tutakuwa wawili tutakaolipa faini, ingawa yeye si mwanachama.